Sahani ya Lumbesa

Kila Ijumaa asubuhi, kabla makuli hawajafika na kabla lango halijafunguliwa kwa wakulima, Amedeus alivua viatu, akaweka simu na funguo juu ya meza, akaupanda mzani wa magunia yeye mwenyewe. Akishasoma namba alishuka taratibu, goti la kulia likilia kama bawaba ya mlango wa zamani, akaiandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake dogo. Kisha akavaa viatu. Kuvaa viatu kulimchukua muda mrefu kuliko kujipima.

Alikuwa mpimaji wa mahindi katika ghala moja la mjini Songea, na kazi hiyo alikuwa ameifanya kwa miaka ishirini na miwili. Msimu unapofunguka mwezi wa saba, husimama kando ya lile bamba la chuma tangu saa mbili asubuhi mpaka jua linapozama. Gunia linapanda, anasoma, anaandika, gunia linashuka. Hakuna shule iliyomfundisha mizani. Alijifunza kwa kuufungua mzani mbovu na kuufunga tena, siku baada ya siku, mpaka akauelewa. Wakulima walisema mzani wa Amedeus hauna mjomba. Haibi, hapendelei, na lumbesa haipiti mbele yake, lile gunia linaloshindiliwa mpaka mdomoni kisha likashonewa kilemba cha mahindi mengine juu. Likifika la namna hiyo, anaamuru lifumuliwe, lipunguzwe hadi kilo mia, lishonwe upya. Mtu akilalamika kwamba mzani umemwonea, Amedeus humjibu kwa upole kwamba mzani hauna sababu ya kumwonea mtu, kisha humwita aje asome mwenyewe.

Mwezi wa tano mwaka huu, daktari alimweleza kwamba goti lake limekwisha ndani. Lingeweza kutengenezwa. Bingwa wa mifupa huja hospitalini mara mbili kwa mwaka, Septemba na Machi, na jina la Amedeus lingeingia kwenye orodha ya Septemba. Ila kulikuwa na sharti. Siku hiyo alikuwa na kilo mia na kumi na moja, na bingwa hagusi goti la mtu mwenye uzito ule. Ashuke chini ya mia, alisema daktari, ndipo arudi. Amedeus nusura acheke. Kilo mia ni gunia. Maisha yake yote alikuwa akiwapunguzia watu magunia, na sasa aliambiwa gunia lililozidi ni yeye.

Hakuwaeleza watu habari ya upasuaji. Mkataba wake ni wa msimu kwa msimu, na meneja mpya, kijana mwenye haraka, alikwisha kumuuliza mara mbili kama mguu unamruhusu. Amedeus alikuwa amepiga hesabu yake kimya kimya. Akipasuliwa Septemba, mwezi wa saba mwakani utamkuta amesimama. Akisubiri Machi, utamkuta bado yuko kwenye magongo, na kando ya ule mzani atakuwa amesimama mtu mwingine. Kwa hiyo alifunga mdomo, akaanza kupungua.

Shida ilikuwa chakula cha mchana.

Mke wake, Dorine, alifariki miaka miwili iliyopita. Mwanawe wa pekee, Beda, anafanya kazi Mbeya. Nyumbani kwake Ruhuwiko Amedeus alijua kuchemsha maji, uji na mayai, basi. Chakula chake cha kweli kilikuwa kile cha saa saba mchana, na mahali pa kukila palikuwa pamoja tu: kwa Aurelia, ambaye watu wote humwita Mama Careen, katika mgahawa wake wa mabati hatua mia moja na kitu kutoka lango la ghala. Mama Careen alikuwa rafiki wa Dorine tangu ujana. Siku ya mazishi, wanawake walipokuwa wakiosha vyombo, alimwambia Amedeus mbele ya watu kwamba asiwe na wasiwasi na tumbo lake, hilo ni la kwake. Kule kwao neno lililosemwa msibani mbele ya masufuria halirudishwi.

Na hakulirudisha. Kwa Mama Careen hakuna mteja aliyetoka na njaa, lakini sahani ya Amedeus ilikuwa jambo jingine. Ugali ulikaa katikati kama kichuguu. Kandokando yake maharage, dagaa wa Nyasa waliokaangwa, mboga za majani ambazo wenyeji wanaziita likolo, na siku nyingine kipande cha samaki aina ya mbasa kilichoning'inia nje ya ukingo. Akishaiweka mezani, Mama Careen alirudi na mwiko, akaongeza kofi moja la ugali juu, kwa mkono ule ule mtu anaotumia kumfunika mtoto aliyelala. Makuli walikuwa wakitania: ghalani mzee anakataa lumbesa, huku anaimaliza peke yake.

Aliimaliza kwa sababu kubakiza chakula cha Mama Careen hakukuwezekana. Mtu akiacha nusu, yeye huja akasimama mbele ya sahani, asiseme kitu, akaitazama tu, mpaka mtu anajiona kama aliyetema mate mahali pa kuabudia.

Kwa hiyo Jumatatu ya kwanza Amedeus alisema mapema, kabla hajapakuliwa. Aliomba nusu sahani. Mama Careen akamuuliza nusu kwa nini. Akamjibu kwamba anapunguza mwili. Mama Careen alimtazama kwa muda, upawa ukidondosha mchuzi, akaenda. Aliporudi, sahani ilikuwa ile ile, kichuguu kile kile, labda kilemba ndicho kilichokosekana. Jumanne akaomba tena. Jumatano tena. Alhamisi alipoomba, watu wawili wa meza ya jirani waliacha kula.

Mwanamume wa miaka hamsini na saba, mjane, anayesema kwamba anapunguza mwili kwa hiari yake, Songea hawezi kuaminiwa. Mwili hauondoki hivi hivi. Lazima kuna kinachouondoa. Habari zilizunguka haraka kuliko goti lake lilivyomruhusu kuzifuata. Aliyemletea ni Swalehe, msimamizi wa makuli, mtu wa Nalasi huko Tunduru, aliyekuja Songea na magunia ya korosho akaishia kwenye mahindi. Swalehe hakuwa na tabia ya kuzunguka na neno.

"Mzee wangu, shikamoo. Wanasema una sukari."

"Marahaba. Sina sukari."

"Basi wanasema una ule mwingine."

"Huo nao sina."

"Alhamdulillahi," alisema Swalehe, akafikiri kidogo. "Uvumi wa tatu ni kwamba unaoa. Huo nimewaambia si kweli, nikaona nikuulize na wewe."

Amedeus alicheka siku hiyo, mara ya kwanza katika wiki nyingi, kisha akachoka. Jumamosi jioni alikuwa ameketi sebuleni, mguu juu ya stuli, mbele yake kipande cha papai ambacho ndicho kilichokuwa chakula cha usiku. Akasikia wimbo nje. Ilikuwa jumuiya yake ya kanisani. Mzee Pankrasi, mwenyekiti, aliingia kwanza na kitabu cha sala, nyuma yake watu kumi na wanne. Walisali sala ya wagonjwa. Wakamwimbia. Amedeus alijaribu kueleza kwamba hajambo, na Mzee Pankrasi akamshika bega, akamwambia wanaelewa. Walipoondoka, sakafu ilikuwa na kuku wawili waliofungwa miguu, debe la unga, mkungu wa ndizi, karanga, mayai ishirini, na sufuria ya kande iliyokuwa bado moto, ambayo mwenyewe alisema ataifuata kesho ikiwa tupu.

Amedeus aliketi akaitazama ile kande. Mtu hawezi kuikasirikia kande. Kila mtu kati ya wale alikuwa ametoa kitu nyumbani kwake, na wengine hawakuwa nacho cha kutoa. Akawaza kwamba ingekuwa rahisi zaidi kupungua katika mji ambao hakuna anayempenda. Kisha akala vijiko vitano, akaipeleka sufuria kwa jirani mwenye watoto wengi, akalala.

Wiki iliyofuata alibadili utaratibu. Alimwambia Mama Careen kwamba hataki tena ubishi juu ya ugali. Ampe mboga za majani nyingi, bakuli zima, na ugali kiasi cha ngumi ya mtoto. Maharage, dagaa, samaki, aache. Alijiandaa kwa mabishano. Mama Careen akasema sawa, upesi mno, akaingia jikoni.

Amedeus aliona ameshinda. Akaacha sukari kwenye chai, akaacha soda, akaacha mandazi ya saa nne. Ijumaa baada ya Ijumaa daftari likaanza kumjibu: mia na kumi, mia na tisa na nusu, mia na tisa. Mwisho wa mwezi wa sita mzani ulisoma mia na nane, na alishuka kwenye bamba akihisi, labda kwa kujidanganya, kwamba goti limelia kidogo tu.

Kisha msimu ukafunguka, na namba ikasimama.

Ijumaa ya kwanza ya Julai, mia na nane. Ya pili, mia na nane. Ya tatu, mia na nane na nusu. Kulikuwa na baridi. Upepo uliingia chini ya milango ya ghala, na makuli walifanya kazi na makoti. Amedeus alisimama saa kumi kwa siku, akala majani kama mbuzi, akarudi Ruhuwiko akichechemea, akanywa uji mwepesi, akalala na njaa. Na mzani haukusogea. Mwanzoni alidhani mzani umepoteza kipimo. Akaurudisha kwenye sifuri, akaweka juu yake yale mawe ya kilo ishirini ishirini yenye mhuri, moja, mawili, matano. Mia moja kamili. Mzani ulikuwa mzima. Basi mwenye kosa alikuwa yeye.

Akalitafuta kosa hilo kama alivyozoea kutafuta hitilafu, kwa kuondoa kitu kimoja kimoja. Akaacha maziwa kwenye uji. Akaacha papai. Mwanzoni mwa Agosti alikuwa anakula mara moja tu kwa siku, mboga za Mama Careen na ule ugali wa ngumi ya mtoto. Ijumaa ya pili ya Agosti mzani ukasoma mia na tisa. Aliandika. Akakaa juu ya gunia, viatu mkononi, mpaka Swalehe alipofungua lango akamkuta hivyo. Hakumuuliza. Alimshika tu mkono akamsimamisha.

Mchana wa siku hiyo walikwenda kula pamoja. Mama Careen alileta sahani zao, akarudi jikoni. Walipomaliza, Swalehe akanawa kwanza, akamwaga maji yake, Amedeus akafuata kwa maji safi. Kwa Mama Careen watu hunawa mezani. Beseni na jagi la maji vinazungushwa. Swalehe alikuwa amekula nyama ya kukaanga. Amedeus alikuwa amekula majani. Alipoingiza vidole kwenye maji, vikajitokeza vijiduara, vidogo, vya dhahabu, vikaelea, vikashikana, vikafunika uso wa maji mpaka ukingoni. Alisugua vidole. Vilikuwa laini, vinateleza, na maji baridi yaliteleza juu yake bila kushika.

Aliyatazama yale maji kwa muda mrefu.

"Swalehe," alisema, "kesho agiza likolo."

"Mimi, mzee? Nimekukosea nini?"

"Agiza tu."

Jumamosi Swalehe aliagiza likolo. Sahani mbili zikaja, kijani kwa kijani. Amedeus aliona Mama Careen ameanza kuondoka, akabadilisha sahani. Swalehe akamega, akachovya, akatia mdomoni. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Kisha akamaliza kwa taratibu, kwa heshima.

"Wallahi, mzee wangu," alisema kwa sauti ya chini, "hii yako ni ya harusini. Karanga humu zinatosha kupaka ukuta. Na mafuta." Akamega tena. "Nami nikikuhurumia siku zote hizi."

Amedeus aliionja ya Swalehe. Ilikuwa majani, chumvi na nyanya.

Hakusema kitu mbele ya watu. Alirudi ghalani, akapima magunia mia na arobaini, na saa kumi jioni, walipofunga mapema kwa kuwa ni Jumamosi, akarudi mgahawani. Mama Careen alikuwa peke yake, ameketi kwenye kigoda nje ya mlango wa jikoni, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. Alikuwa amesimama tangu saa kumi alfajiri. Wote wawili walikuwa watu wa kusimama. Amedeus akavuta benchi, akakaa kwa hatua zake tatu: mkono, kiuno, kisha mguu mbovu.

"Mama Careen. Mboga yangu unaipika peke yake."

"Nani kakwambia?"

"Maji ya kunawa."

Hakukana. Alitazama miguu yake kwenye beseni. "Vijiko viwili," alisema. "Vya mafuta. Siku za baridi vitatu. Na karanga za kutwanga, kiganja. Niliona mtu anayekula majani matupu atanifia mezani."

"Tangu lini?"

"Tangu Mzee Pankrasi alipotoka kwako akasema umewaambia hujambo." Akasema bila kumtazama, "Dorine naye alikuwa hajambo."

Jina hilo lilikuwa halijatajwa kati yao kwa muda mrefu.

"Alianza na nusu, Baba Beda. Mwezi wa pili ule. Akitoka sokoni alikuwa anapita hapa, anakaa palepale unapokaa. Nampakulia, ananiambia nipunguzie, mama, nusu inatosha. Nikacheka naye. Nikamwambia unataka kiuno cha kigori, uzeeni huku. Baada ya wiki mbili akataka robo. Akaja akataka chai tupu. Mimi bado nacheka naye." Alitoa mguu mmoja majini, akauacha ukidondosha maji. "Halafu wewe unakuja, unasimama palepale, unaniambia nusu."

Amedeus alihesabu. Hakutaka kuhesabu, lakini kichwa chake kilifanya chenyewe, kama kinavyofanya siku zote. Mwezi wa pili. Yeye aliambiwa na Dorine kwamba anaumwa mwezi wa sita. Kati ya hapo, usiku baada ya usiku, Dorine alikuwa akimwekea yeye chakula, akakaa pembeni na mikono mapajani, akasema yeye ameshiba, amekula kwa Mama Careen. Naye Amedeus alikula. Mtu anayejua kwa jicho tu gunia lililopungua kilo mbili, kabla halijapanda mzanini, alilala kitanda kimoja na mwanamke aliyekuwa akipungua, na hakuona.

Kuku wa jirani waliingia jikoni, wakatoka.

"Hakuniambia," alisema mwishowe.

"Alinikataza nisikwambie. Alisema msimu uko karibu, usisumbuliwe."

Ndipo akamweleza habari ya goti. Alimweleza yote, polepole: bingwa, Septemba, kilo mia, mkataba, meneja. Alimwonyesha ukurasa wa mwisho wa daftari. Mama Careen hakuwa na miwani, akamwomba amsomee, na Amedeus akamsomea Ijumaa zote, zile za kushuka na zile za kusimama. Alipofika Julai alisoma haraka. Hata hivyo Mama Careen alisikia. Alishika kanga mdomoni.

"Kwa nini hukusema tangu mwanzo?"

"Nawe kwa nini hukusema?"

Maji ya beseni yalikwisha kupoa.

Tangu siku hiyo mboga ya Amedeus ilikuja tupu, majani na chumvi. Lakini ugali Mama Careen alishindwa. Alijaribu siku ya kwanza: akachukua mwiko, akausogeza juu ya ugali, akaurudisha. Akamwambia mkono wake haukubali, apakue mwenyewe. Kwa hiyo kwa wiki saba alimletea hotipoti nzima, akaiweka mezani, akageuka akaingia jikoni, na Amedeus akajipakulia kipande chake wakati yeye hatazami. Akimaliza alifunika. Watu wa meza za jirani walizoea. Mzee Pankrasi aliwaambia watu wa jumuiya kwamba sala zimejibiwa kwa namna yake.

Namba zikaanza kushuka, kilo kwa wiki, kwa uchovu, kama gari la mzigo linavyotelemka na breki. Mia na nane. Mia na saba. Mia na sita. Usiku aliota vitumbua. Mchana, kwenye mzani, mara mbili alilazimika kusoma namba upya kwa sababu macho yaliingia kiza. Katikati ya Septemba alikuwa mia na nne na akajua, kwa kuwa hesabu ni hesabu, kwamba zile wiki sita za Julai na Agosti hazitarudi. Hakuacha. Kuacha kungekuwa ni kama kumwambia Mama Careen kwamba ni yeye aliyezipoteza.

Siku ya bingwa ilikuwa Jumanne ya mwisho wa mwezi. Asubuhi alipitia ghalani, akavua viatu, akaupanda mzani. Mia moja na mbili kasoro kidogo. Hospitalini muuguzi akampandisha kwenye mzani wao. Mia moja na mbili. Mizani miwili ilikuwa imekubaliana kama ndugu. Bingwa alikuwa mwanamke mdogo kwa umri, mwenye macho ya kukosa usingizi, na nje kulikuwa na watu hamsini wanaosubiri. Alilikunja goti, akalikunjua, akampongeza kwa kilo tisa. Akaeleza kwamba angependa, lakini mpaka ni mpaka, na amemrudisha nyumbani mtu mwenye mia moja na moja asubuhi ile ile. Machi, alisema. Usirudi nyuma. Amedeus alishukuru. Hakubishana, yeye ndiye mtu wa mwisho duniani ambaye angembishia mtu juu ya kilo mbili.

Alifika kwa Mama Careen saa nane, wateja wakiwa wamepungua. Alikaa mahali pake kwa hatua zake tatu. Mama Careen alitoka jikoni na hotipoti, akasimama.

"Wamesemaje?"

"Machi."

Aliweka hotipoti mezani, lakini mikono hakuitoa. Alikuwa amejifunza hesabu ile naye, tangu siku alipoisomewa. Machi, magongo, mwezi wa saba, mtu mwingine kando ya mzani.

"Ulikuwa na ngapi?"

Amedeus alitazama kifuniko cha hotipoti. Kilikuwa na maua mekundu, na ua moja lilikuwa limebanduka.

"Kwetu nilikuwa tisini na tisa," alisema. "Mzani wao ndio mbovu. Unazidisha."

Kwenye meza ya kona kuli mmoja alikuwa amelala kichwa juu ya mikono. Mama Careen alimtazama Amedeus kwa muda mrefu, kama anavyotazama sahani iliyoachwa nusu.

"Miaka yote hii," alisema, "sijakusikia ukiusingizia mzani."

Amedeus alisogeza jagi, akalirudisha.

Mama Careen alikwenda jikoni, akarudi na mwiko na sahani mbili. Alifunua hotipoti, mvuke ukapanda kati yao. Akautoa ugali mzima, akauweka kwenye sahani moja, akauzungusha mara moja kama anayetafuta pa kuanzia, kisha akaukata katikati. Mwiko ulikwama kidogo ukapita. Nusu moja aliisukuma mbele ya Amedeus, nusu nyingine akaiweka kwenye sahani ya pili. Akavuta benchi. Katika miaka yote ya mgahawa ule hakuna aliyewahi kumwona Mama Careen ameketi akala na mteja saa za kazi. Yule kuli wa kona aliinua kichwa, akakilaza tena.

"Kula," alisema. "Unapoa."

Walinawa kwenye beseni moja. Maji yalibaki meupe. Amedeus alizitazama zile nusu mbili, ya kwake na ya Mama Careen, na jicho lake likazipima kabla hajaliruhusu. Ya kwake ilizidi. Gramu hamsini, labda sitini.

Alimega tonge, akala.